Kumfunga mgonjwa wa akili: hesabu isiyoishia wodini

Mtoto wa mama yangu mdogo alifikishwa hospitali kwa bajaji, amefungwa mikono na miguu kwa kamba ya manila. Mapokezi wakaikata kwa mkasi, wanaume wanne wakamlaza kifudifudi, akachomwa sindano. Alipozinduka alikuta mkono wa kushoto umefungwa kwa shuka kwenye chuma cha kitanda. Alama za kamba zilifutika baada ya wiki mbili. Shuka ndiyo anayoikumbuka hadi leo. Kamba, anasema, alifungwa na ndugu zake waliojawa na hofu. Shuka alifungwa na watu walioisomea kazi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unasema kwenye ibara ya 14 kwamba ulemavu usiwe kwa vyovyote sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Kamati inayousimamia inataka kulaza na kutibu watu kwa nguvu kukome kabisa. Wauguzi wengi wakisikia hivyo huguna, na wana haki ya kuguna. Zamu ya usiku muuguzi anaweza kuwa peke yake na mhudumu mmoja, wodi imejaa, huyu anapigiza kichwa ukutani, yule anamkaba wa kitanda cha pili. Aliyeandika ibara hayupo pale saa nane za usiku. Tena wapo waliopona ambao hushukuru kwamba siku ile walishikwa. Sheria zetu nazo, ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya hata baada ya marekebisho ya 2022, bado zinaruhusu mtu kulazwa bila hiari yake.

Hayo yote nayakubali. Ila anayepinga mabavu hudhaniwa kuwa anakana ugonjwa, au kwamba hajawahi kumwona mtu aliyechafukwa. Kumbe anachohoji ni gharama, na gharama hiyo hailipwi usiku ule wala na wodi ile.

Ndugu yangu aliporuhusiwa alitakiwa kurudi kila mwezi kuchomwa sindano. Hakurudi. Miezi mitano baadaye usingizi ukaanza kukatika, dalili anayoijua vizuri kuliko daktari yeyote. Zamani angemwambia mama yake. Safari hii alinyamaza, kwa sababu kusema kulimaanisha shuka. Akatorokea shambani kwa rafiki, na alipopatikana alikuwa haogi, hali, anaongea na redio iliyozimwa. Kamba tena. Aliyefungwa mara moja hujificha ugonjwa ukimrudia. Anayejificha hufika hospitali akiwa amezidiwa. Aliyezidiwa ndiye anayefungwa. Muuguzi wa mara ya pili anamwona mgonjwa mkali na kusema bila kamba haiwezekani. Hawezi kuona kwamba ukali huo, kwa sehemu, umetoka kitandani kwake mwenyewe.

Mama mdogo naye alijifunza kitu. Aliyaona yale ya wodini, akarudi nyumbani akiuliza nauli ya nini, kama hospitali inafanya anachoweza kufanya yeye kwenye chumba cha uani. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu wenye matatizo ya akili wanavyofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo. Tunawaambia wazazi wafungue. Nao watatuuliza: mbona hospitali nayo inafunga?

Halafu kuna kifo. Mwaka 2010, katika hospitali moja ya akili jijini London, Olaseni Lewis, kijana wa miaka 23, alikandamizwa na polisi 11 mpaka akapoteza fahamu, hakuzinduka tena. Sheria iliyopatikana kwa jitihada za wazazi wake, ya mwaka 2018, inazitaka hospitali za akili kuandika kila tukio la kutumia nguvu. Faili la ndugu yangu usiku ule lina maneno mawili: mgonjwa ametulia. Hakuna kamba, hakuna shuka, hakuna saa. Jambo lisiloandikwa halina wa kuulizwa.

Uingereza hiyohiyo, utafiti uliochapishwa 2015 ulihusisha wodi 31. Zilizobadilisha mwenendo, kwa mambo kama kutoa habari mbaya kwa upole na kuwafanya wagonjwa na wauguzi wafahamiane, zilipunguza hatua za kuwadhibiti wagonjwa kwa asilimia 26 zikilinganishwa na wodi nyingine za utafiti huo. Zaidi ya robo, na mashine mpya haikununuliwa. Kwetu wauguzi ni wachache, kweli, na upole peke yake haumwongezi muuguzi wa zamu. Lakini hata muuguzi mmoja anaweza kumwambia mtu jina la dawa kabla ya kumchoma.

Italia, iliyofunga hospitali zake za akili kwa sheria ya 1978, iliacha mlango mwembamba: siku saba za matibabu ya lazima, saini ya meya, hakimu ajulishwe ndani ya saa 48. Mlango wa namna hiyo naukubali. Wa kwetu hauna bawaba wala daftari.

Siku hizi ndugu yangu ana karatasi ya daftari aliyoikunja ndani ya kadi yake ya kliniki. Ameandika kwa mkono wake: nisilazwe kifudifudi, niambiwe dawa gani, apigiwe dada, asiitwe mgambo. Mwaka jana usingizi ulipokatika aliikunjua mbele ya muuguzi, naye akaisoma yote kabla ya kugusa bomba la sindano. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa miguu yake.