Msiisahau mifongo

Nimesoma habari hii ya vijana wanaoingiza mitaa ya Moshi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, kwa simu zao, nimefurahi sana. Hongereni! Ombi langu: pandeni na huku Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Barabara kubwa kila mtu anazijua. Mifongo, yaani mifereji yetu ya asili inayoshusha maji ya mlima hadi migombani nani ameichora? Dar es Salaam, watu wa mradi wa Ramani Huria walianza 2015 wakachora mitaro na sehemu zinazofurika kwa kushirikiana na wakazi wenyewe. Hapa tembeeni na wazee wa mfongo, wao ndio wanajua banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mfongoni, liko wapi na maji yanapotelea wapi. GPS ya simu inafanya kazi hata bila bando, data mtapandisha mkirudi mjini.