Mistari mingi ya ugonjwa, mstari mmoja wa kazi

Kwenye misiba yetu ya Kikristo huku kusini, wasifu wa marehemu umekuwa cheti cha hospitali. Nimesikia nyingi, lakini wa babu, tuliyemzika Nachingwea juma lililopita, ndio ulionitoa uvumilivu.

Nasema babu, ingawa kwa hesabu ya ukoo alikuwa mjomba wa mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, kwa hiyo wajukuu tulikuwa kundi. Alikula chumvi nyingi, tisini na ushee, na msiba wake haukuwa wa kugaragara chini. Watu walikula, wakacheka, mtani mmoja akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Mambo yalikwenda kama yanavyotakiwa kwenda mzee anapoondoka.

Kisha ukasomwa wasifu. Alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, "alijishughulisha na kilimo". Hapo pakaisha. Ukurasa wote uliobaki ulikuwa presha, tezi dume, mpira wa mkojo, rufaa ya hospitali hii na ile, na oksijeni. Waombolezaji waliotoka Ruangwa na Masasi, wengine wasiowahi hata kumwona, walirudi kwao wakiijua vizuri afya ya kibofu chake. Halafu tukaambiwa alikuwa mwanakwaya hodari. Babu! Aliyeimba tenzi kwa sauti ya kugombeza mbuzi! Baadaye nikaambiwa karatasi hiyo ilitoka kwenye simu, ni ya msiba mwingine, wakabadilisha jina na tarehe.

Sasa huyo "aliyejishughulisha na kilimo" tumtazame.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa kulima karanga Tanganyika ili wapate mafuta ya kula baada ya vita. Wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, na hata vifaru vya vita vikafanyiwa ukarabati viwe vya kuangushia miti. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Babu alikuwa mtoto wa kuwachotea maji wafyekaji. Hakusimulia hasara ya Waingereza hata siku moja. Alisimulia nyama ya kopo, jinsi walivyogombania mafuta yaliyoganda pembeni, na jinsi msimamizi mmoja alivyokata posho ya watu wote kwa sababu panga moja limepotea.

Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa reli, kwanza kutoka Mkwaya, upande wa Lindi, kuja Nachingwea, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954. Babu akaingia genge la reli. Kazi yao ilikuwa kukagua mataruma, kushindilia kokoto na kufyeka njia. Baada ya Uhuru ikaonekana mizigo haitoshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Waliochukuliwa kuing'oa ni watu wa genge lilelile. Alikuwa akisema kulegeza parafujo kulimchosha kuliko kukaza. Leo vijana wa Mtwara wanaijadili reli ya kwenda Mbamba Bay kama vile kusini hakujawahi kupita treni, na mimi siwalaumu, maana watu walioishika kwa mikono tunawazika kwa habari za mpira wa mkojo.

Ya kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, nitayapitia haraka, maana mwenyewe alikuwa mchoyo wa maneno hapo. Aliwauzia mihogo wapiganaji wa pale Farm 17, akafanya vibarua vya ujenzi, na Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975 alilewa siku mbili. Ukimwuliza kama alimwona Samora Machel, kiongozi wao, alijibu, "Tuliwaona wengi," basi.

Kilimo chenyewe ndicho kilichostahili ukurasa mzima, wala si neno moja. Operesheni vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu, mikorosho ikabaki porini. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 haikufika hata 20,000. Vitabu vinataja bei, ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) na umbali wa mashamba. Kwa babu umbali ulikuwa na maana ya kuamka saa kumi ya usiku, kutembea hadi mahame, kupalilia, na kurudi kijijini kabla mjumbe hajauliza yuko wapi. Wenzake waliacha mikorosho yao ikamezwa na msitu. Yeye hakuacha. Salfa ilipokuja kutibu ubwiriunga, ilikuta miti yake bado ina matawi ya kupulizia.

Stakabadhi ghalani, mfumo wa kupeleka korosho ghalani na kulipwa zikishauzwa, ilipoanza mwaka 2007 aliipinga kwa sababu moja tu: kungoja hela. Lakini kangomba, ununuzi wa magendo, aliichukia zaidi, kwa kuwa aliwaona wanunuzi wakipita na mabakuli miezi ya njaa, wakizichukua korosho zikiwa bado maua. Mwaka 2018 wanajeshi walipokuja kubeba korosho kwa bei ya serikali ya shilingi 3,300 kwa kilo, aliwahesabia magunia mwenyewe, hakumwamini hata meja.

Alikuwa mbahili pia. Alikuwa mkali kwa wakwe. Msimu wa mabibo ukifika, uraka, pombe ya mabibo hayo, ulimpata asubuhi. Haya nayo ningeyasoma, kwa adabu yake, na nina hakika watu wangeitikia kwa kicheko cha kumtambua.

Shangazi ananiambia msibani si darasani, padre ana misa nyingine na jua ni kali. Sawa. Lakini dakika tulizotumia kusikia majina ya dawa zilitosha kabisa reli na mikorosho. Ugonjwa wa mzee wa miaka tisini unatosha sentensi moja: aliugua, akafa. Na wasifu uandikwe mwenyewe akiwa bado ana masikio. Mkae naye barazani, mumsomee, abishe, afute, aongeze. Ule wasifu wa mwanakwaya hodari asingeupitisha.

Ukimya huo wa wasifu umetuletea na jambo lingine. Tanga halijaanuliwa vizuri, wapwa na watoto wameanza kuulizana mikorosho ni ya nani. Wapwa wanashika mila, watoto wanashika jembe, kwa kuwa ndio waliopalilia. Kumbe babu alishaandika. Karatasi ipo, ina muhuri wa mtendaji wa kijiji na mashahidi wawili, na haikutajwa popote siku ya mazishi. Ya bondeni ni ya wapwa. Ya kando ya barabara ni ya watoto. Minne ya nyuma ya nyumba asiiguse mtu mpaka bibi afe.

Bibi amesomewa, ameridhika. Anachouliza yeye ni salfa ya ruzuku ya msimu huu itatoka kwa jina gani, maana kwenye daftari la wakulima babu bado yuko hai, na foleni ya kubadilisha jina hajaona wa kumpangia.