Akiwa Wetu Ameteleza, Akiwa Wao ni Mbaguzi

Desemba 2002, Seneta Strom Thurmond alipotimiza miaka 100, Trent Lott aliyekuwa kiongozi wa Warepublican katika Seneti ya Marekani alisimama kumsifu. Alisema jimbo lake la Mississippi linajivunia kumpigia Thurmond kura ya urais, na kwamba nchi nzima ingefanya hivyo ingeepukana na matatizo mengi. Thurmond aligombea mwaka 1948 akitetea weusi na weupe waendelee kutengwa. Kelele zikawa kubwa, na kabla mwezi haujaisha Lott akaachia uongozi.

Januari 2010 ikafichuka kwamba Harry Reid, kiongozi wa Wademokrati katika Seneti hiyohiyo, aliwahi kusema faraghani kuwa Barack Obama anaweza kushinda kwa kuwa ngozi yake si nyeusi sana na haongei kwa lafudhi ya "Kinegro" ila akitaka mwenyewe. Reid aliomba radhi, Obama akapokea, na Reid akabaki na cheo chake. Michael Steele, mwenyekiti wa Warepublican wakati huo na mtu mweusi, akataka Reid naye aondoke, kama Lott alivyoondoka.

Kwa maoni yangu, mfano wa Steele ulikuwa na kasoro. Lott alisifu siasa za utengano. Reid, kwa maneno mabaya ambayo hakupaswa kuyatumia, alikuwa anaeleza chuki anayoiona kwa wapiga kura. Hayo ni makosa mawili ya uzito tofauti. Ila angemtaja Robert Byrd, Wademokrati wangebanwa kwelikweli. Byrd, seneta wao wa West Virginia, ujanani aliwahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la weupe wabaguzi lililowatisha na kuwaua weusi. Aliukana uanachama huo na kuujutia hadharani mara nyingi. Hata hivyo, Machi 2001 alitamka kwenye televisheni tusi la kibaguzi wanalotukanwa nalo weusi, tena mara mbili. Akaomba radhi. Miezi michache baadaye chama chake kiliposhika wingi wa viti, alipewa cheo cha rais wa muda wa Seneti, nafasi ya tatu katika safu ya kurithi urais. Sidhani Mrepublican mwenye historia ile angevumiliwa na Wademokrati hata kwa wiki moja.

Kwenye udhalilishaji wa wanawake hali ni hiyohiyo, na kote kuwili. Katika miaka ya 1990 watetezi wengi wa Bill Clinton, wakiwemo wanaharakati wa haki za wanawake, waliwapuuza wanawake waliomtuhumu, huku Warepublican wakihubiri maadili. Oktoba 2016 ikatoka rekodi ya Donald Trump akijigamba kuwashika wanawake sehemu za siri. Siku mbili baadaye, kabla ya mdahalo wa St. Louis, Trump aliitisha waandishi wa habari akiwa ameketi na wanawake waliowahi kumtuhumu Bill Clinton, mume wa mpinzani wake Hillary. Waliokuwa hawaaminiki kwa upande mmoja wakawa mashahidi kwa upande wa pili. Naliona jambo hili baya kuliko unafiki wenyewe: malalamiko ya mwanamke yanageuzwa silaha ya kukodi, na akishatumika anasahauliwa.

Kuna takwimu inayoonyesha jinsi dhamiri inavyofuata jina lililo kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi aliyekosea kimaadili katika maisha yake binafsi bado anaweza kutimiza kazi ya umma kwa uadilifu. Miongoni mwa Wakristo weupe wa kiinjili, 30% walisema ndiyo. Swali likaulizwa tena 2016, Trump akiwa mgombea, na waliosema ndiyo wakafika 72%. Maandiko yao hayakuwa yamebadilika.

Hata hivyo, hoja ya kumtetea "mtu wetu" haistahili kudharauliwa, na Virginia ndiko ilikojionyesha kwa uzito wake wote.

Februari 1, 2019, ilichapishwa picha kutoka ukurasa wa Gavana Ralph Northam, Mdemokrati, katika kitabu cha kumbukumbu cha chuo chake cha udaktari cha mwaka 1984. Watu wawili wamesimama bega kwa bega: mmoja amejipaka uso rangi nyeusi, mzaha wa zamani wa kuwadhihaki weusi, mwingine amevaa joho na kofia ya Ku Klux Klan. Northam akaomba radhi kwa kuonekana pichani. Kesho yake akakana kuwa yumo, lakini akakiri kwamba mwaka huohuo alijipaka rangi usoni kumwigiza Michael Jackson kwenye shindano la kucheza. Viongozi wakubwa wa chama chake wakamtaka ajiuzulu. Kisha naibu gavana, Justin Fairfax, ambaye ni mweusi, akatuhumiwa na wanawake wawili kwa unyanyasaji wa kingono, akakanusha. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Mark Herring, naye akakiri kujipaka rangi nyeusi mwaka 1980. Wote watatu wangeondoka, ugavana ungemwangukia spika, Kirk Cox, Mrepublican. Miito ya kujiuzulu ikafifia, na watatu hao wakamaliza vipindi vyao.

Ukiishia hapo utasema ni unafiki mtupu. Lakini gazeti la Washington Post na Schar School, kitivo cha sera cha Chuo Kikuu cha George Mason, walipowauliza wakazi wa Virginia, 58% ya weusi walisema Northam abaki. Walioumizwa na ile picha kuliko wote ndio waliokuwa wepesi zaidi kumvumilia. Nakataa kuwaita wanafiki. Walipima kofia ya 1984 dhidi ya sera za 2019, na hesabu yao haikuwa ya kijinga: kabla Northam hajaondoka madarakani, Virginia ilifuta adhabu ya kifo, na sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, ikang'olewa Richmond. Mpiga kura ana haki ya kusamehe kwa hesabu kama hiyo. Kinachonikera ni viongozi wa chama waliotangaza Ijumaa kwamba kosa halivumiliki, kisha wakanyamaza walipoona nani angerithi kiti. Na wanawake waliomtuhumu Fairfax hawakuwa na kura ya maoni ya kuwasemea.

Kiti. Ukifuatilia hizi kesi, mara nyingi chama hupata ujasiri pale ambapo kiti hakipotei. Lott alipokea adhabu, uongozi ukaenda kwa Mrepublican mwingine. Al Franken, seneta Mdemokrati wa Minnesota aliyetuhumiwa na wanawake kadhaa, alisukumwa na wenzake hadi akatangaza kujiuzulu Desemba 7, 2017. Gavana wa kumteua mrithi alikuwa Mdemokrati, na siku tano baadaye Alabama ilikuwa inapiga kura ya useneta. Huko Mrepublican Roy Moore alikuwa ametuhumiwa kuwafuata kimapenzi wasichana wadogo akiwa mtu mzima, tuhuma alizozikana. Wademokrati walihitaji mikono safi ya kumnyooshea kidole.

Gavana wa Alabama, Kay Ivey, alisema hana sababu ya kutowaamini wale wanawake, lakini atampigia Moore kwa kuwa Seneti ndiyo inayothibitisha majaji wa Mahakama ya Juu. Kamati kuu ya chama chake ilikuwa imekata msaada kwa Moore, kisha ikaurudisha. Kauli ya Ivey inanichoma kwa sababu ni ya kweli: ndivyo wengi wa vyama vyote wanavyofikiri bila kuthubutu kusema.

Richard Shelby, seneta mwingine wa Alabama na Mrepublican wa miaka mingi, alitangaza kwamba hakumpigia Moore; aliandika jina la Mrepublican mwingine kwenye karatasi yake. Chama chake kilikuwa na viti 52 kwa 48, na alijua kila kura aliyoihamisha ingeweza kukipunguza. Watu 22,852 walifanya kama yeye, wakaandika majina ya watu wasiokuwa kwenye karatasi ya kura. Doug Jones, Mdemokrati, alishinda kwa kura 21,924, na viti vikawa 51 kwa 49.