Kabati la Shangazi

Ukicheza mchezo wa kutisha peke yako, adui yako wa kwanza ni mtazamaji anayekuona wewe badala ya jinamizi. Kwa hiyo mimi jinamizi simwonyeshi. Nawasha chemli moja, napunguza utambi, napitisha vidole vitatu karibu kabisa na chimni, na ukutani linapita bawa kubwa kama mlango. Kisha nakung'uta kanga mara moja, pwaa! Basi. Yaliyobaki watu wanajitisha wenyewe.

Mchezo ulihusu Popobawa, jinamizi la mabawa ya popo lililosemekana kuvamia watu usiku, Unguja, mwaka 1995, watu walipokuwa wakilala nje kwa makundi huku wamewasha moto. Bibi wa kwenye hadithi yangu alikuwa na sharti moja: usiku ukigongewa, hata kama sauti unaijua, usifungue. Nikaona sharti hilo nilifanye kiitikio. Baada ya "Paukwa!" "Pakawa!" nikawafundisha watazamaji: mkisikia ngo ngo ngo kabatini, niseme nitakalosema, jibuni "Hatufungui!" Tukajaribu mara nne. Ya nne ilitikisa mabati ya ukumbi, nikajisifu moyoni.

Kabati nililiazima kwa shangazi. La mninga, zito kama deni la dukani. Alikubali kwa masharti kwamba atakaa mstari wa mbele alilinde. Wakati wa kulipakia alisema kitu kuhusu mlango, lakini mimi nilikuwa nabishana na mwenye kirikuu kuhusu nauli.

Dakika ya ishirini hivi nikaingia kabatini kubadili nguo: naingia mjukuu, natoka bibi. Nikavuta mlango. Ukajifunga kwa mlio mnene ambao kwenye mazoezi haukuwepo. Nikajifunga kanga gizani, hanga likinichoma sikio, naftalini ikinipanda puani. Nikasukuma. Wapi. Nikasukuma kwa bega. Wapi. Nikagonga.

"Hatufungui!" wakajibu watu kama sitini.

"Jamani, mlango umekwama."

"Hatufungui!"

"Kweli tena! Mimi si bibi, ni mimi mwenyewe!"

Sijui nilitegemea nini. Hata Popobawa angejitetea hivyohivyo.

"HATUFUNGUI!" Na kigelegele juu.

Mama mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini. Nikaona hapa ndipo pa kuthibitisha ubinadamu wangu, nikaanza kusoma pamoja naye kutoka ndani. Akanyamaza ghafla. Nikasikia viti vya plastiki vikiburuzwa.

Kijana wa taa, mtu pekee aliyeujua mchezo mwanzo mpaka mwisho, alikuwa ametoka kufuata chipsi mayai.

Jasho likanitiririka mpaka kwenye nyayo. Nikaanza kupiga mateke.

"We! We! Unampiga nani teke hilo? Unajua ubao mmoja wa mninga siku hizi bei gani?"

"Shangazi, shikamoo," nikasema kutoka gizani. Adabu haichagui mahali.

"Marahaba. Nilikwambia nini kuhusu mlango huo?"

"Sikusikia, shangazi."

"Unanyanyuliwa kwanza, ndiyo unasukumwa!"

Nikanyanyua, nikasukuma kwa nguvu zote za mtu aliyekata tamaa. Mlango ukaachia kwa mkupuo, nikatoka kichwa mbele, kanga imenifunika uso, hanga limenasa begani kama bawa. Kabla sijafika sakafuni mistari miwili ya nyuma ilikuwa mitupu. Walibakiza kandambili moja, ya kushoto, na mtoto mmoja aliyekuwa anapiga makofi peke yake.

Mchezo uliishia hapo. Hata kijana wa taa alivyorudi na chipsi zake alikuta shangazi amewasha taa mwenyewe, anakagua bawaba kwa kidole.

Usiku huo tukalirudisha kabati kwa kirikuu kilekile, na nauli ikawa imepanda. Kabla halijapakiwa, shangazi akaligonga mara tatu kusikiliza kama mbao zimepata ufa. Wabebaji wawili, ambao kumbe walisimama mlangoni mchezo mzima, wakaitikia kwa pamoja:

"Hatufungui!"