Kasha la kofia lianze na faroma ya mti

Kofia ya viua, vile vitundu vya kudariziwa kwa mkono, humchukua mshonaji wiki, pengine miezi. Halafu sisi tunaibana kati ya nguo begini, tunashuka boti Dar imebonyea. Inaniuma. Ndiyo maana nataka kasha gumu la plastiki, livikwe kanga.

Kila niliyemshauri alinielekeza nje: chora kwenye kompyuta, agiza kalibu ya chuma. Napinga. Kalibu ya kusindilia plastiki hula maelfu ya dola, na kuirekebisha ikishachongwa ni gharama nyingine. Sisi wavaa kofia tuna faroma tangu zamani, gogo la kuvishia kofia iliyofuliwa isirudi. Kasha nalo lianzie hapo.

Seremala wa Mwanakwerekwe alinichongea faroma ya mwembe, pande zikilala kidogo, digrii tano hivi. Ulalo huo ndio roho ya kazi, kwani plastiki ikipoa husinyaa na kulikumbatia gogo, na upande uliosimama wima hauachii. Bamba la ABS, aina ya plastiki ngumu, la milimita 2 nililipasha kwenye oveni mpaka likalegea katikati, nikalivika faroma iliyotobolewa vitundu, mashine ya kufyonza vumbi ikivuta hewa chini. Sekunde chache, umbo limetoka. (Fungueni madirisha, moshi wake si wa kuvuta.)

Kazi hasa ilikuwa kwenye kanga. Pamba iliyofumwa hainyumbuki, basi kwenye mviringo ikajikusanya mikunjo. Nilipoikata kwa mshazari ikatii. Gundi ya fundi viatu nayo ilipenya, ikaacha madoa ya manjano katikati ya mji wa kanga. Sampuli ya pili nilitanguliza bitana nyepesi, nikapaka gundi pande zote mbili, nikangoja mpaka isigandie kidole ndipo nikabandika.

Kifuniko sasa. Kikiwa kitupu kiliingia vizuri, lakini kilipovikwa kilikataa kufunga. Nikapitisha kucha ukingoni: kanga iliyokunjwa, bitana na gundi vimeongeza karibu milimita moja kila upande. Kwenye mchoro wa kompyuta nisingeiona. Kwa hiyo nasema kitambaa kichaguliwe kabla ya umbo, na umbo lipimwe likiwa limevaa.

Faroma ya kifuniko imerudi kwa seremala, iongezwe milimita 3. Kikifunga, hapo nitauliza bei ya kalibu ya chuma.