Nyumba ya Lamu ikigeuzwa ubalozi msianze na nyundo

Juzi nimekaa barazani na ami yangu, yeye fundi wa chokaa miaka mingi, tukaingia kwenye haya mambo ya nchi za nje kuchukua majumba ya zamani wakayakarabati yakawa ubalozi na makazi pamoja, ofisi huku, balozi na familia yake kule. Mie nikamwambia ami, kazi hiyo nyumba zetu zinaiweza, wala hakuna haja ya kubomoa ukuta hata mmoja.

Kwani si ndivyo zilivyojengwa? Mgeni anaanzia daka, yaani baraza ya mlangoni, ana pa kukaa akasubiri. Akikaribishwa anapita tekani, kile kipito cha kuingilia, ndio atokee kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na akiwa pale mlangoni haoni kitu. Misana, vyumba virefu vinavyotazama ua, iko mbele yake, lakini vyumba vya nyuma tunavyoviita ndani na nyumba kati ni pa wenyewe, huko hafiki. Basi mtu wa viza akae daka, mazungumzo makubwa yawe sabule, chumba cha wageni, na watoto wa balozi wacheze huko kwao raha mstarehe.

Na serikali ya nje kufanyia kazi zake kwenye nyumba zetu sio jambo geni hapa. Wajerumani walifungua posta yao Lamu mwaka 1888 wakaifunga 1891, na hiyo nyumba mpaka leo ipo mtaani.

Kinachoniuma mie ni simiti. Kuna nyumba jirani na kwetu ilikarabatiwa na kontrakta wa kutoka mbali, kuta zote za matumbawe akazipiga simiti, zikang'aa kweli, watu wakasifu. Haukupita muda ukuta ukaanza kuvimba. Ami aliingiza kucha tu plasta ikabanduka kipande kizima, nyuma yake unga mweupe, akaniambia onja. Chumvi tupu! Jiwe la matumbawe lina unyevu na chumvi yake, chokaa inaliacha lipumue, simiti inaufungia unyevu humo humo mpaka ukuta unaoza, na huu ni mji ulioingia Urithi wa Dunia 2001 jamani.

Halafu wanataka ukumbi mpana wa mikutano. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, ukitoa ukuta wa kati dari itashikwa na nini?

Kwa hiyo atakayekuja na michoro yake kwenye laptop akae kwanza na mafundi wa chokaa, kabla ya AC na jenereta. Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, tafadhalini, zisizibwe na makabati ya mafaili.