Kubemenda na ziwa la mimba changa: bibi ana haki kiasi gani?

Jirani yangu hapa Mikindani, mkoani Mtwara, alikuwa na mtoto wa mwaka 1 na miezi 4, bado ananyonya, alipojikuta ana mimba ya wiki 8. Riziki yake iko mwambani: bamvua likifika na maji yakikupwa, anashuka na fimbo yake kuchokoa pweza, mtoto anabaki kwa bibi yake. Jioni ile ile ya kipimo, mama mkwe, ndiye bibi wa mtoto, alikwishakata shauri. "Mwanangu, maziwa hayo si ya huyu tena. Ukiendelea utambemenda." Kesho yake kliniki, nesi akamwambia, "Dada, nyonyesha tu, hakuna shida," akaita mwingine. Akarudi na kauli mbili zisizokaa chungu kimoja, akaja kuniuliza mimi amfuate nani.

Kwa msomaji aliyelelewa mbali na huku: kubemenda ni kumharibu mtoto anayenyonya kwa tendo la wazazi wake. Mama akikutana na mume mapema, au baba akitoka nje, au mimba ikiingia kabla mtoto hajakomaa, inasemwa maziwa yameharibika. Mtoto anaharisha, analegea miguu, anachelewa kutembea, na majirani wanapita wakinong'ona. Makungwi wanalifundisha, na mama mtu mzima wa Newala au Ruangwa atakutajia watoto watatu aliowaona kwa macho yake. Sipendi kulicheka jambo la namna hiyo. Mtu aliyelea wajukuu 9 ameona kitu.

Kwanza, wasiwasi huu hauanzii kwetu, na waumini wa pwani wana pa kurejea. Katika Sahih Muslim imepokewa hadithi kwamba Mtume alikusudia kukataza "ghila", neno ambalo wanazuoni wamelieleza kwa maana mbili: mume kumwingilia mkewe anayenyonyesha, au mwanamke kunyonyesha huku ana mimba. Kisha akaangalia Warumi na Waajemi, akaona wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, akaacha kukataza. Yaani hofu ya bibi ilikuwapo Uarabuni, na ikapimwa kwa kuangalia hali za watu. Na aya ya 233 ya Surat Al-Baqara, inayotaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, inaruhusu pia kuachisha kabla ya hapo kwa kuridhiana na kushauriana baba na mama. Ningependa neno "kushauriana" lisomwe mara mbili, maana katika mashauri mengi niliyoyasikia, baba hayupo: yuko shambani, au yuko Dar es Salaam, na mama ndiye anayebeba lawama peke yake.

Sasa kile alichokiona bibi. Miaka ya 1930, daktari Cicely Williams alifanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana. Aliona watoto waliovimba miguu na tumbo, nywele zikibadilika rangi, ngozi ikibanduka. Akawauliza akina mama wa kabila la Waga ugonjwa ule wanauitaje. Wakasema kwashiorkor, na maelezo yao yalikuwa kwamba ni maradhi yanayompata mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake anapokuja. Waga na Wamakonde wako mbali sana, lakini walikuwa wanatazama jambo lile lile: mimba mpya inaingia, mtoto wa kwanza anadhoofika. Hilo ni kweli. Ila kinachotokea katikati ni kwamba mtoto ameondolewa ziwani ghafla na kupewa badala yake chakula cha wanga mtupu.

Hapa kwetu wanga huo una jina. Ni muhogo. Ugali wa muhogo unashibisha na unavumilia ardhi yetu ya mchanga, lakini protini yake ni ndogo mno. Mtoto aliyekuwa akipata maziwa mara sita kwa siku anapakwa shubiri mdomoni Jumatatu, Jumanne anapelekwa kwa bibi mwingine huko bara, na Jumatano anakula uji mwepesi wa muhogo na chumvi. Baada ya wiki sita amekonda. Kila mtu anasema amebemendwa. Dawa inayotolewa, yaani kumtoa ziwani, mara nyingi ndiyo iliyozidisha ugonjwa.

Na hoja nyingine inayosemwa, ya kwamba kunyonya kunatoa mimba? Ina mzizi pia. Chuchu ikinyonywa, mwili unatoa homoni ya oksitosini, ambayo kazi yake ni kusukuma maziwa na pia kukaza misuli ya mji wa mimba. Ndiyo maana mama aliyejifungua anahisi maumivu ya tumbo mtoto anaponyonya. Lakini katika miezi ya mwanzo mji wa mimba hausikii sana homoni hiyo: vipokezi vyake ni vichache, vinaongezeka kadiri uzazi unavyokaribia. Kwa mwanamke mwenye afya ambaye mimba yake haina shida, na mtoto wake anakula vyakula vingine, hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema ziwa linaharibu mimba. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2019 ulikuta mimba zilizoharibika ni asilimia 14 kwa waliokuwa wakinyonyesha mtoto anayekula vyakula vingine, na asilimia 15 kwa wasionyonyesha kabisa. Sawa kwa sawa.

Lakini utafiti huo huo una nusu ya pili, ambayo wahamasishaji wa kunyonyesha hawaitaji mara kwa mara. Kwa wanawake ambao mtoto wao alikuwa anategemea ziwa peke yake, asilimia ilikuwa 35. Huenda kuna sababu nyingine ndani yake, mathalani mimba kufuatana upesi mno, na tarakimu za Marekani si za huku kwetu Nanyumbu. Hata hivyo zinatosha kunifanya nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa: mtoto wa mwaka na nusu anayekula dagaa, na kichanga wa miezi minne. Huyu wa pili hawezi kuondolewa ziwani kirahisi, maana maziwa ndiyo chakula chake chote, na mama yake anahitaji kuonana na daktari wiki hiyo hiyo. (Wapo akina mama wa namna hiyo walioshika mimba wakiamini kwamba anayenyonyesha hapati mimba. Kinga hiyo ipo, lakini ina masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja, kinga imekwisha.)

Upande ambao nesi aliuruka ni mwili wa mama. Guatemala, utafiti uliochapishwa 1990 ulionyesha kwamba wanawake walionyonyesha huku wana mimba walipoteza akiba ya mafuta mwilini. Watoto wao hawakuzaliwa na uzito mdogo kwa namna iliyo wazi, kwa hiyo gharama ililipwa na mama. Lima, Peru, utafiti wa 2002 ulikuta vichanga wa akina mama wa namna hiyo waliongezeka uzito pungufu ya wenzao katika mwezi wa kwanza. Si maafa, lakini si "hakuna shida" pia. Kunyonyesha kikamilifu kunadai takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku, mimba nayo inataka za kwake kuanzia miezi ya kati. Na mwili huo ni wa mwanamke anayeishi kwenye malaria, ambaye damu yake huenda iko chini kabla hata ya kuanza.

Kwa hiyo, nikiulizwa, swali la kwanza nisingeliuliza juu ya maziwa. Ningeuliza mama anakula nini, na damu yake ni ngapi. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vinywewe kweli kweli, visiachwe kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu. Alale ndani ya chandarua. SP, yaani vidonge vya kukinga malaria, haitolewi miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo kipindi hicho chandarua ndicho ngao. Na sahani yake iongezwe: kunde, mbaazi, dagaa, kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Mkoa unaouza korosho ghafi kwa meli nzima unaweza kumbakizia mjamzito konzi moja ya zilizobanguliwa.

Kuna ambao mara nyingi hushauriwa kuacha. Aliyewahi kuzaa kabla ya wakati. Anayetoka damu, au tumbo linalokaza na kuachia baada ya kunyonyesha na halitulii. Mwenye mimba ya mapacha, mwenye kondo la nyuma lililokaa chini, mwenye shingo ya kizazi iliyolegea. Wakunga wengi wana kipimo chepesi: ukiwa umekatazwa tendo la ndoa kwa sababu ya mimba hiyo, uliza pia kuhusu ziwa. Na aliyechoka, ambaye chuchu zinamuuma mpaka analia, maana mimba changa inafanya hivyo, naye ana haki ya kuacha. Kuchoka ni sababu.

Ila kuacha kuna namna. Punguza mnyonyo mmoja, kaa siku nne tano, punguza mwingine. Wa mchana kwanza, wa kulalia mwisho. Weka kitu mahali pake: uji mzito wa mahindi au mtama wenye karanga au korosho zilizosagwa laini, tui la nazi, yai, samaki aliyechambuliwa miiba. Shubiri na pilipili za nini, wakati mwili wenyewe utasaidia? Kadiri ya mwezi wa nne au wa tano maziwa yanapungua na kubadilika kuwa yale mazito ya mwanzo, ladha inaelekea chumvi, na watoto wengi wanaonja, wanakunja uso, wanaondoka wenyewe. Maziwa hayo yanaweza kulainisha choo cha mkubwa. Hapo ndipo bibi anaposema, "Si nilikwambia?" Lakini ni dang'a, si sumu, na kichanga hatanyang'anywa: ataikuta akizaliwa. Ila siku hizo za mwanzo, yeye ndiye anyonye kwanza.

Nirudi kwa kubemenda, maana kuna jambo linalonisumbua zaidi ya maziwa. Zamani imani hiyo ilifanya kazi ambayo hatukuwa na chombo kingine cha kuifanya: iliwatenga wazazi mpaka mtoto atembee, watoto wakaachana miaka miwili, mitatu. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine; makungwi walifika huko mapema. Lakini mimba ikishaingia, imani haina tena cha kukinga. Inabaki aibu. Mama anaificha, anajifunga khanga mbili, anamkatia mtoto ziwa usiku mmoja ili watu wasijue, na hudhurio la kwanza la kliniki ambalo lingekuwa kabla ya wiki 12 linakuwa mwezi wa sita, tumbo likiwa halifichiki tena. Damu haijapimwa, vidonge havijaanza. Sioni faida yoyote ya imani katika hatua hiyo.

Jirani yangu hakumfuata mmoja. Aliacha mnyonyo wa mchana kwa sababu mwambani alikuwa anahisi kizunguzungu, akabakiza wa usiku, na mama mkwe akapewa kazi ya uji. Kila mwezi mtoto alipopimwa uzito, bibi alikwenda mwenyewe, akataka kuonyeshwa alama kwenye kadi. Mwezi mmoja mstari ulilala. Walikuwa na homa nyumba nzima. Mwezi uliofuata ukapanda. Mimba ilipofika miezi mitano mtoto aliligusa ziwa, akalisukuma, akaomba maji. Bibi anasema hadi leo ni mizizi aliyomfunga kiunoni, na hakuna anayembishia.